Seneta Clementa Pinckney: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwezi Juni ukikaribia, maswali yaleyale kuhusu Seneta Pinckney hurudi: kwenye vikundi vya sala, kwa wanafunzi wanaoandika insha, kwa watu waliomwona Obama akiimba msibani na hawakujua anamwimbia nani. Majibu yamewekwa hapa pamoja. Msomaji ataona yanaanza na kazi ya mtu huyu, kifo kinakuja baadaye. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Alitumikia bunge la jimbo lake kwa miaka 18, na bado ukitafuta habari zake utakutana zaidi na jioni moja tu.

Clementa Pinckney alikuwa nani?

Alikuwa seneta katika bunge la jimbo la South Carolina, kusini mashariki mwa Marekani, na wakati huohuo mchungaji wa Kanisa la Emanuel mjini Charleston, la dhehebu la African Methodist Episcopal, maarufu kama AME.

Alizaliwa Julai 30, 1973, Beaufort, akakulia Ridgeland, mji mdogo wa Kaunti ya Jasper. Alianza kuhubiri akiwa na miaka 13 na akakabidhiwa kanisa lake la kwanza akiwa na miaka 18. Mwaka 1995 alihitimu Allen University, chuo cha dhehebu lake kilichopo Columbia, makao makuu ya jimbo. Baadaye akachukua shahada ya uzamili ya utawala wa umma katika Chuo Kikuu cha South Carolina, kisha akasomea theolojia kwenye seminari ya Walutheri. Mwaka 1996, akiwa na miaka 23, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, akawa Mmarekani Mweusi mwenye umri mdogo kuliko wote waliowahi kuchaguliwa katika bunge hilo. Mwaka 2000 akachaguliwa seneta. Aliuawa Juni 17, 2015, akiwa na miaka 41, akaacha mke na mabinti wawili.

Je, ndiye seneta wa kule Washington?

Hapana, na hapa wengi hujichanganya. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, lenye mamlaka juu ya shule, polisi, mahakama za jimbo, barabara na sehemu kubwa ya sheria za jinai. La South Carolina lina maseneta 46 na wawakilishi 124. Maseneta wawili wanaokwenda Washington ni watu wengine kabisa.

Kwa Mtanzania, anayemkaribia zaidi ni mjumbe wa Baraza la Wawakilishi Zanzibar: anatunga sheria za mambo ya ndani ya kwao, ulinzi na mambo ya nje yako ngazi ya juu. Kwa Mkenya, usimlinganishe na MCA, maana bunge la kaunti haliwezi kutunga sheria ya mauaji wala kuamua jinsi uchaguzi utakavyoendeshwa. Bunge la South Carolina linaweza.

Mshahara ndio huwashangaza watu. Mbunge wa South Carolina wakati wa Pinckney alilipwa dola 10,400 kwa mwaka, mbali na posho. Vikao huanza Januari na kumalizika kati ya Mei na Juni, tena ni siku tatu kwa wiki. Kwa hiyo karibu kila mbunge ana kazi nyingine. Wapo mawakili, madalali wa nyumba, wakulima. Yeye alikuwa mchungaji.

Mchungaji na mwanasiasa kwa pamoja: hakukuwa na mgongano?

Swali hili aliulizwa mwenyewe mara nyingi. Jibu lake lilikuwa kwamba katika AME kanisa halitenganishwi na maisha ya watu wanaolizunguka. Wito hauishii ndani ya kuta nne. Anayeijua historia ya Emanuel hatalishangaa jibu hilo.

Dhehebu la AME liliundwa rasmi Philadelphia mwaka 1816 chini ya Richard Allen, mtu aliyezaliwa mtumwa, baada ya waumini Weusi kuchoka kubaguliwa kwenye makanisa ya Wazungu. Usharika wa Charleston ulianza miaka hiyohiyo. Mmoja wa watu wake mashuhuri alikuwa Denmark Vesey, seremala aliyejinunulia uhuru kwa fedha za bahati nasibu. Mwaka 1822 alishtakiwa kwa kupanga uasi wa watumwa, akanyongwa pamoja na wenzake zaidi ya 30, na jengo la kanisa likabomolewa. Mwaka 1834 makanisa ya watu Weusi yakapigwa marufuku kabisa mjini humo. Waumini wakasali kwa siri mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865.

Aliyelifufua kanisa baada ya vita ni mchungaji Richard Harvey Cain. Huyo naye alikuwa seneta wa jimbo la South Carolina kuanzia mwaka 1868, kisha akachaguliwa kwenda Bunge la Marekani. Pinckney alipopelekwa Emanuel mwaka 2010, akiwa seneta tayari, alikuwa anafuata nyayo zilizokuwepo karne moja na zaidi kabla yake.

Hata nyumbani kwao ilikuwa hivyo. Babu mzaa babu yake, mchungaji, alikishtaki Chama cha Democratic cha jimbo kwa kuwafungia watu Weusi nje ya kura za mchujo. Mjomba wake, naye mchungaji, alimshtaki gavana katika miaka ya 1970 ili kila eneo lipate mjumbe wake, maana mfumo wa zamani ulizimeza kura za watu Weusi ndani ya kura za kaunti nzima. Bila kesi za namna hiyo, kijana wa miaka 23 kutoka Ridgeland asingekuwa na pa kugombea.

Aliwakilisha watu wa aina gani?

Eneo lake, namba 45, lilikuwa na vipande vya kaunti sita: Allendale, Beaufort, Charleston, Colleton, Hampton na Jasper. Hii ni Lowcountry, nchi tambarare ya mabwawa na mito ya maji chumvi, ambako wazao wa Waafrika waliolimishwa mpunga na pamba wamehifadhi lugha na desturi zao, zinazoitwa Gullah Geechee.

Ukitazama ramani utaona kisiwa cha Hilton Head, chenye viwanja vya gofu na hoteli za kifahari, katika Kaunti ya Beaufort. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, mabasi hutoka vijiji vya Allendale na Hampton yakiwabeba wanaokwenda kutandika vitanda na kuosha vyombo kisiwani. Jioni huwarudisha. Watu wa hayo mabasi ndio waliokuwa wapiga kura wake.

Shule zilikuwa kidonda cha eneo hilo. Mwaka 1993 wilaya maskini za elimu ziliishtaki serikali ya jimbo kwamba watoto wao hawapati elimu inayostahili. Wilaya ya Jasper, nyumbani kwa Pinckney, ilikuwa miongoni mwa nane zilizosimama mahakamani kama mfano wa nyingine zote. Kesi ilipoanza alikuwa mwanafunzi wa chuo. Mahakama ya Juu ya jimbo ilipotoa uamuzi Novemba 2014 kwamba serikali imeshindwa kutimiza wajibu wake, alikuwa seneta mwenye umri wa miaka 41. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo ikajiondoa kwenye usimamizi wa utekelezaji. Miaka 24 yote! Mtoto aliyeingia darasa la kwanza kesi ikianza alikuwa ameshapata watoto wake mwenyewe.

Alipitisha sheria gani?

Tuseme ukweli: sheria zinazoweza kuitwa zake ni chache. Alikuwa wa Chama cha Democratic katika bunge linalotawaliwa na Republican, na mbunge wa upinzani katika mazingira hayo kazi yake kubwa ni kusema, kushawishi, kurekebisha vifungu na kupigania mgao wa bajeti. Alikaa kwenye kamati ya fedha ya Seneti. Alitetea upanuzi wa bima ya afya ya Medicaid kwa maskini, jimbo lilikataa. Alipigania mradi wa bandari mpya katika Kaunti ya Jasper ili ajira zije upande wao.

Iliyofanikiwa, na ambayo sauti yake ilisikika sana, ni sheria ya kamera za mwilini kwa polisi. Aprili 4, 2015, huko North Charleston, polisi alimsimamisha Walter Scott kwa sababu ya taa mbovu ya breki. Scott alikimbia, akapigwa risasi za mgongoni. Maelezo ya kwanza ya polisi yalidai kulikuwa na mapambano na askari alihofia maisha yake. Kisha ikatokea video ya simu ya mpita njia, na maelezo yale yakaporomoka.

Pinckney alisimama Seneti akasimulia habari za mtume Tomaso, ambaye hakuwepo Yesu alipowatokea wenzake, akakataa kuamini mpaka aone alama za misumari. Akasema wengi walikuwa kama Tomaso: hawakuweza kuamini kwamba askari angempiga mtu mgongoni, mpaka video ilipowaonyesha. Hakuwalaumu wenye mashaka. Aliwaomba wenzake waweke kitu cha kuonyesha, ili siku nyingine watu wasitegemee bahati ya mpita njia mwenye simu. Kwangu mimi hotuba hiyo ndiyo picha yake halisi: hasira ipo, lakini ameifunika kwa Maandiko ambayo hata mpinzani wake anayajua kwa moyo.

Gavana Nikki Haley alitia saini Juni 10, 2015, na South Carolina ikawa jimbo la kwanza kuagiza kamera hizo kwa idara zote za polisi. Ila sheria ina tundu: utekelezaji ulitegemea fedha za jimbo, na video hazikuingizwa kwenye nyaraka ambazo mwananchi yeyote anaweza kuzidai. Alama za misumari zimewekwa, lakini kabatini.

Wenzake bungeni walimwonaje?

Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito ya besi, na mpole. Katika mazishi Obama alimnukuu seneta mwenzake aliyesema kwamba kati ya wote 46 huyu alikuwa mpole kuliko wote, na mbora kuliko wote. Misibani kila marehemu husifiwa, tunajua. Lakini sifa hiyo ilitoka ndani ya bunge lililogawanyika vibaya.

Nini kilitokea Juni 17, 2015?

Mchana alikuwa Columbia kwa kazi za bajeti. Jioni akaendesha gari hadi Charleston kwa kikao cha kanisa, na baada ya kikao watu wachache wakabaki chumba cha chini kwa mafunzo ya Biblia. Somo lilikuwa Marko 4:16–20, mfano wa mpanzi. Aliingia kijana Mzungu wa miaka 21, akakaribishwa, akaketi karibu na mchungaji. Alikaa nao takriban saa nzima. Walipofumba macho kwa sala ya mwisho, akatoa bastola. Watu tisa waliuawa, mkubwa wao akiwa na miaka 87. Mke wa Pinckney na binti yake mdogo walikuwa ofisini, wakajificha.

Mbona hamtaji jina la muuaji?

Kwa sababu alitaka litajwe. Linapatikana kokote, na kumbukumbu za mahakama ziko wazi: Desemba 2016 alikutwa na hatia katika mashtaka yote 33 ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Washington, na Januari 2017 akahukumiwa kifo. Desemba 2024 Rais Biden alipobadilisha adhabu za wafungwa 37 wa shirikisho waliosubiri adhabu ya kifo, huyu alikuwa mmoja wa watatu walioachwa.

Ni kweli familia zote zilimsamehe?

Hapana. Siku mbili baada ya mauaji, kwenye kikao cha dhamana, baadhi ya wafiwa walimwambia mshtakiwa kwamba wanamsamehe, na maneno yao yakazunguka dunia. Wengine hawakusema hivyo, na hawajasema. Kuna waliochukizwa na jinsi msamaha ulivyogeuzwa kuwa habari nzima, kana kwamba mfiwa akishasamehe hakuna tena la kudai. Ukizungumzia msiba huu kanisani kwenu, tafadhali usiwasemee watu ambao hawajasema.

Aliagwa vipi?

Asubuhi ya Juni 18 meza yake kwenye ukumbi wa Seneti ilifunikwa kitambaa cheusi, juu yake ua. Juni 24 mwili wake ulipelekwa bungeni Columbia kwenye gari la kukokotwa na farasi, ukalazwa chini ya kuba ili wananchi wapite kuuaga. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo katika jengo lile tangu enzi za baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Jambo lililowauma wengi lilikuwa nje. Kwenye uwanja wa bunge ilisimama bendera ya vita ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga kulinda utumwa. Bendera ya Marekani na ya jimbo zilishushwa nusu mlingoti kumwombolezea seneta. Ile ya tatu ikabaki juu kabisa. Kisheria hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa bunge lenyewe, na mlingoti wake haukuwa hata na kapi la kuishusha nusu. Jeneza lilipita mbele yake. Ndani ya jengo, dirisha lililoelekea upande ule lilizibwa kwa pazia jeusi ili waombolezaji wasiione.

Ibada ya mazishi ilifanyika Juni 26 katika ukumbi wa michezo wa College of Charleston.

Kwa nini Obama aliimba?

Walifahamiana; Obama alisema walikutana South Carolina wakati wote wawili wakiwa vijana zaidi, yeye bado hana mvi. Hotuba yake ilihusu neema. Kuelekea mwisho akanyamaza kwa sekunde kadhaa, kisha akaanza peke yake wimbo wa kale wa Amazing Grace. Viongozi wa kanisa waliokuwa nyuma yake wakasimama, mpiga kinanda akatafuta ufunguo wake, umati ukapokea. Aliyezoea ibada za AME hakuona ajabu: mhubiri kuingia kwenye wimbo katikati ya mahubiri ni jambo la kila Jumapili.

Wakenya wana sababu nyingine ya kuikumbuka hotuba hiyo. Mwezi mmoja baadaye, Julai 26, 2015, Obama alikuwa Kasarani, Nairobi, akiwahutubia wananchi. Alipofika kwenye ukeketaji na ndoa za utotoni, akatoa mfano wa kwao: mjadala wa ile bendera uliochochewa na msiba wa Charleston. Hoja yake ilikuwa kwamba kitu kuwa sehemu ya mila hakukifanyi kiwe sahihi. Hakumtaja Pinckney kwa jina, lakini walioshangilia Kasarani siku ile walikuwa wanasikia mwangwi wa kifo chake.

Kwa hiyo bendera ilishushwa kwa sababu yake?

Kifo cha wale tisa ndicho kilichofungua mlango, ndiyo. Lakini kudai bendera iondolewe hakukuanza mwaka 2015. Ilipandishwa juu ya kuba la bunge mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati harakati za haki za raia zikipamba moto. NAACP, chama cha kutetea haki za watu Weusi, iliisusia South Carolina kwa sababu hiyo. Mwaka 2000 yakafanyika maafikiano: bendera ishuke kutoka kwenye kuba, isimame uwanjani, na isiondolewe bila theluthi mbili ya kura.

Baada ya mazishi Seneti ilipiga kura 36 kwa 3. Katika Baraza la Wawakilishi mjadala uliendelea hadi usiku wa manane kupita, na Julai 9 ikiwa imeshaanza matokeo yakawa 94 kwa 20. Gavana akasaini siku hiyohiyo kwa kalamu tisa, zigawiwe familia tisa. Julai 10 asubuhi bendera ikashushwa.

Napenda kukumbusha jambo moja ambalo husahaulika. Wengi wa waliopiga kura ya ndiyo walikuwa na nafasi ya kuleta hoja hiyo miaka yote waliyokuwa bungeni, huku Pinckney akiwa nao bunge moja.

Muuaji aliipataje silaha?

Aliinunua dukani. Alikuwa na rekodi ya dawa za kulevya ambayo ingetosha kumzuia, lakini FBI haikukamilisha uchunguzi ndani ya siku tatu za kazi, na sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kuuza siku hizo zikipita. Oktoba 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 88 kwa familia na manusura. Baraza la Wawakilishi mjini Washington limepitisha mara mbili, 2019 na 2021, muswada wa kurefusha muda huo, ukakwama Seneti. Sheria ya mwaka 2022 iliongeza muda kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21 tu. Huyu alikuwa ametimiza 21.

Anakumbukwa wapi na kwa namna gani?

Picha yake ya kuchorwa ilizinduliwa Mei 2016 ndani ya ukumbi wa Seneti, Columbia. Seminari ya Wesley, Washington, alikokuwa akisomea udaktari wa huduma ya kichungaji, ilimtunuku shahada hiyo baada ya kifo. Wafadhili wasiotaka kutajwa walianzisha mfuko wa masomo wenye jina lake kwa ajili ya vijana Weusi wa Lowcountry. Kati ya yote, huo mfuko ndio ninaoona ungempendeza zaidi, kwa vile unawagusa watoto wa shule zilezile.

Kwenye uwanja wa kanisa umebuniwa mnara wa kumbukumbu ya wale tisa; msanifu ni Michael Arad, aliyebuni ule wa Septemba 11 mjini New York. Na kama unapenda historia inayojichekea yenyewe: Emanuel iko Mtaa wa Calhoun, uliopewa jina la John C. Calhoun, mwanasiasa aliyetetea utumwa kama jambo jema. Hatua chache kutoka kanisani, katika bustani ya Marion Square, sanamu yake ilisimama juu ya nguzo ndefu mpaka ilipoondolewa Juni 2020. Mtaa umebaki na jina.

Naweza kulitembelea kanisa?

Ibada za Jumapili ziko wazi kwa wote. Ukienda, nenda kusali au kusikiliza. Waumini wamechoka kugeuzwa maonyesho. Usipige picha za watu wala usiwaombe wakusimulie usiku ule. Vaa vizuri, kama unavyovaa ukienda kanisani kwenu. Wazee wa AME wanaangalia hilo.

Nimeombwa kuandika tanzia au kumtaja kwenye ibada. Nianzie wapi?

Anzia Ridgeland. Taja umri wa kila hatua: 13, 18, 23. Mtaje kwa vyeo vyote viwili, Mchungaji na Seneta. Eleza watu wa mabasi ya alfajiri kabla hujafika kwenye risasi. Wataje na wale wanane wengine, ambao hawakuwa wanasiasa na mara nyingi huishia kuwa nambari tu baada ya jina lake: alikuwemo mkutubi ambaye leo maktaba ya mjini imepewa jina lake, alikuwemo kocha wa riadha wa shule ya sekondari, na kijana aliyehitimu chuo mwaka uliotangulia. Usimwite shujaa aliyekufa kwa ajili ya bendera. Hakujitoa kufa, alikuwa anaendesha mafunzo ya Jumatano jioni.

Kiti chake kilichukuliwa na nani?

Uchaguzi mdogo ulifanyika Oktoba 2015, akashinda Margie Bright Matthews, wakili wa chama chake.

Ile sheria yenye jina lake imefikia wapi?

Ni muswada wa kuongeza adhabu kwa uhalifu unaofanywa kwa chuki ya rangi, dini na mengineyo. South Carolina ni miongoni mwa majimbo machache mno yasiyo na sheria ya namna hiyo. Kesi ya Charleston ilipata mashtaka ya chuki kwa sababu tu serikali ya shirikisho iliingilia. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi la jimbo liliupa muswada jina la Clementa C. Pinckney na kuupitisha. Ukafika Seneti, ukakaa kwenye orodha bila kupigiwa kura hadi kipindi cha bunge kikaisha. Mwaka 2023 Baraza likaupitisha tena, na Seneti ikafanya vilevile. Miji kadhaa, Charleston na Columbia ikiwemo, imejitungia kanuni zake ndogo, ambazo haziwezi kuzidi adhabu za mahakama ya mji. Wapinzani wanasema mauaji tayari ni mauaji na sheria iliyopo inatosha. Wanaosema hayo hukaa ukumbi uleule ambamo picha ya Pinckney imetundikwa ukutani.